Maji ya bafa ya pH 7.2 kwa rangi ya Giemsa: hesabu, matayarisho na marekebisho

Slaidi ya malaria ikitoka na uwaridi uliopitiliza, au ikawa ya buluu tupu hata kiini cha kimelea kisijulikane kilipo, chupa ya Giemsa ndiyo hulaumiwa kwanza. Chupa hubadilishwa, slaidi hupakwa rangi upya, na kasoro hubaki palepale. Mara nyingi kosa liko kwenye maji yaliyotumika kuzimua rangi. Giemsa hutaka maji yenye pH 7.2, tena yabaki 7.2 baada ya kuchanganyika na rangi, damu na hewa ya chumba. Maji matupu hayaiwezi kazi hiyo. Bafa ya fosfeti inaiweza, mradi uwiano wa chumvi zake uwe sahihi.

Mwongozo huu ni wa lita moja ya bafa hiyo. Hesabu imewekwa wazi hatua kwa hatua, kwa sababu anayeijua hesabu ataweza kuokoa kazi siku chumvi iliyoletwa stoo si ile iliyozoeleka.

Kwa nini 7.2

Gustav Giemsa, mkemia Mjerumani aliyewahi kufanya kazi ya ufamasia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya 1895 na 1898, alichapisha utaratibu wake wa kupaka rangi mwaka 1904 akiwa Hamburg. Ndani ya rangi hiyo mna pande mbili. Azuri B ina chaji chanya, kwa hiyo hushika vitu vyenye chaji hasi, hasa DNA na RNA. Eosini ina chaji hasi, nayo hushika protini zenye chaji chanya, himoglobini ikiwemo.

Chaji za protini hazikai mahali pamoja, hufuata pH. pH ikishuka, ioni za H⁺ huongezeka na kuziba sehemu hasi za protini. Eosini hupata nafasi zaidi, azuri hukosa pa kushika, na slaidi yote huwa ya waridi. pH ikipanda hali hugeuka, na buluu hutawala. Kwenye 7.2 kiini cha kimelea hutoka chekundu au zambarau, saitoplazimu hutoka buluu, na madoa ya Schüffner huonekana ndani ya chembe nyekundu zilizoshambuliwa na *Plasmodium vivax* au *Plasmodium ovale*. Kwenye 6.8 madoa hayo hufifia, na msomaji wa slaidi hunyimwa alama muhimu ya kutambua aina ya kimelea.

Hiyo 6.8 haikutajwa bure. Ndiyo pH inayotumika kwa rangi kama Leishman wakati wa kuangalia maumbo ya chembe za damu. Maabara yenye kazi zote mbili huwa na chupa mbili zinazofanana kabisa kwa macho, kwa hiyo ziandike lebo kubwa na uziweke rafu tofauti.

Jozi ya fosfeti inavyofanya kazi

Bafa hutengenezwa kwa asidi dhaifu na besi mwenza wake zikiwa pamoja kwenye maji. Hapa asidi ni H₂PO₄⁻, inayotoka kwenye chumvi ya KH₂PO₄ (potasiamu dihidrojeni fosfeti). Besi ni HPO₄²⁻, inayotoka kwenye Na₂HPO₄ (disodiamu hidrojeni fosfeti). Msawazo wao ni huu:

H₂PO₄⁻ ⇌ H⁺ + HPO₄²⁻

Ukiongeza asidi, HPO₄²⁻ huipokea. Ukiongeza besi, H₂PO₄⁻ hutoa H⁺ na kuizima. Mlinganyo wa kukokotoa pH ni:

pH = pKa + logi ([HPO₄²⁻] ÷ [H₂PO₄⁻])

pKa ni namba ya kila jozi: pH ambayo asidi na besi yake huwa sawa kwa wingi. Mlinganyo huu unaonyesha kwamba pH inaamuliwa na *uwiano* wa chumvi mbili. Wingi wao kwa jumla huamua uwezo wa bafa kuhimili asidi au besi inayoingia. Mambo haya mawili yakichanganywa, mtu huongeza chumvi zote mbili kwa pamoja akidhani anapandisha pH, kumbe anapandisha ukolezi tu.

pKa ya jozi hii ni 7.20 kwenye 25 °C, jirani kabisa na pH tunayoitaka. Jozi ya asidi asetiki na asetati ina pKa 4.76, kuifikisha 7.2 kungehitaji besi mara 275 ya asidi, na bafa ya namna hiyo haina akiba yoyote ya kuzima besi. Trisi, bafa nyingine ya maabara, ina pKa karibu 8.1, na zaidi ya hapo pH yake hushuka kwa takriban 0.028 kwa kila digrii ya joto inayoongezeka. Chumba kikitoka 22 °C asubuhi hadi 32 °C alasiri, bafa ya Trisi imeshuka karibu 0.3. Fosfeti hushuka kwa 0.003 hivi tu kwa digrii, yaani 0.03 kwa mabadiliko hayohayo. Kwa maabara isiyo na kiyoyozi, hiyo ni sababu tosha ya kuichagua.

Vifaa

- KH₂PO₄ kavu, gramu 0.70
- Na₂HPO₄ kavu, isiyo na maji ya fuwele (maji yaliyofungwa ndani ya fuwele za chumvi), gramu 1.00
- Maji yaliyokenekwa, au yaliyoondolewa ioni, lita 1
- Mizani inayosoma hadi gramu 0.01
- Bika mbili, fimbo ya kioo ya kukorogea, flaski ya ujazo au silinda ya kupimia ya lita 1
- Mita ya pH pamoja na vimiminika vyake vya kusawazishia
- Myeyusho wa 2% wa kila chumvi kwa ajili ya kurekebisha: gramu 2 katika mililita 100 za maji

Vipimo hivi vya 0.7 na 1.0 ndivyo vilivyomo katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya uchunguzi wa malaria kwa hadubini. Wengi huvinakili bila kujua vinatoka wapi. Tuvikague.

Hesabu: kwa nini kitabu kinasema 7.34 na mita inasema 7.1

Badili gramu kuwa milimoli kwanza:

KH₂PO₄: 0.70 ÷ 136.09 = moli 0.00514, yaani milimoli 5.14
Na₂HPO₄: 1.00 ÷ 141.96 = moli 0.00704, yaani milimoli 7.04

Uwiano wa besi kwa asidi ni 7.04 ÷ 5.14 = 1.37, na logi yake ni 0.14. Ukitumia pKa ya kitabuni:

pH = 7.20 + 0.14 = 7.34

Mita iliyosawazishwa vizuri haitakuonyesha namba hiyo. Itasoma 7.1 na kitu. Mwanafunzi hudhani amekosea kupima, fundi hudhani mita imeharibika, na wote wawili hawajakosea kitu. Tatizo ni kwamba 7.20 ni pKa ya myeyusho wenye ioni chache mno, karibu na sufuri. Ndani ya bafa halisi mna ioni tele za sodiamu na potasiamu. Hizo huizunguka HPO₄²⁻, yenye chaji hasi mbili, na kuituliza kuliko zinavyoituliza H₂PO₄⁻ yenye chaji moja. Kwa kuwa HPO₄²⁻ imetulizwa, asidi huachia H⁺ kwa urahisi zaidi, na pKa inayofanya kazi kwa kweli hushuka.

Kiasi cha kushuka hukokotolewa kutokana na nguvu ya ioni, I. Zidisha ukolezi wa kila ioni kwa mraba wa chaji yake, jumlisha, gawa kwa 2:

K⁺: 5.14 × 1 = 5.14
H₂PO₄⁻: 5.14 × 1 = 5.14
Na⁺: 14.09 × 1 = 14.09
HPO₄²⁻: 7.04 × 4 = 28.18
Jumla ni 52.55, nusu yake ni 26.3, yaani I = 0.0263 moli kwa lita.

Kisha:

punguzo = 3 × [0.509 × √I ÷ (1 + √I) − 0.1 × I]

Ile 3 ni tofauti ya mraba wa chaji za jozi yetu, 4 kutoa 1. Kipeuo cha pili cha 0.0263 ni 0.162. Kwa hiyo 0.509 × 0.162 ÷ 1.162 = 0.071, toa 0.0026, inabaki 0.068, zidisha kwa 3, unapata 0.21.

pKa inayofanya kazi = 7.20 − 0.21 = 6.99
pH = 6.99 + 0.14 = 7.13

Sasa hesabu na mita zinasema kitu kimoja. Na hapa pia unaona kosa la anayechukua moli sawa za chumvi mbili kwa kuwa "pKa ni 7.2 na mimi nataka 7.2". Atapata pH 7.0. Kwa bafa nyembamba kama hii, uwiano unaoleta 7.2 hasa ni 10 kwa kipeo cha 0.21, yaani besi 1.62 kwa asidi 1. Kwa jumla ya milimoli 12.2 hiyo ni milimoli 4.66 za KH₂PO₄ (gramu 0.63) na 7.54 za Na₂HPO₄ (gramu 1.07). Ukipenda anza na vipimo hivi badala ya 0.7 na 1.0, marekebisho yatakuwa madogo zaidi mwishoni.

Soma lebo ya fosfeti mpaka mwisho

Kati ya makosa yote ya bafa hii, kubwa ni la maji ya fuwele. Na₂HPO₄ huuzwa kwa sura nne, zote poda au fuwele nyeupe, zote zikiwa na jina linaloanza sawasawa. Tofauti imo kwenye maandishi madogo baada ya fomula. Jedwali hili linaonyesha gramu zinazolingana na gramu 1.00 ya chumvi kavu, na pH utakayoipata ukipima gramu 1.00 bila kuangalia lebo:

| Chumvi | Uzito wa moli moja (g) | Gramu za kupima | pH ukipima 1.00 g kimakosa |
|---|---|---|---|
| Na₂HPO₄ kavu | 141.96 | 1.00 | 7.13 (sahihi) |
| Na₂HPO₄·2H₂O | 177.99 | 1.25 | 7.05 |
| Na₂HPO₄·7H₂O | 268.07 | 1.89 | 6.9 |
| Na₂HPO₄·12H₂O | 358.14 | 2.52 | 6.8 |

Mstari wa chini kabisa wa jedwali unatoa ile 6.8 inayofifisha madoa ya Schüffner. Mtu amefuata kipimo cha gramu bila kukosea hata desimali, na bado bafa imeharibika, kwa kuwa zaidi ya nusu ya kilichokuwa kwenye mizani kilikuwa maji.

Upande wa asidi KH₂PO₄ haina maji ya fuwele, ndiyo maana inaaminika. Ukiikosa, NaH₂PO₄ hufanya kazi ileile: badala ya gramu 0.70 pima 0.62 ikiwa kavu, 0.71 ikiwa na H₂O moja, au 0.80 ikiwa na H₂O mbili. Epuka kabisa Na₃PO₄. Hiyo ni besi kali, na lebo yake huchanganya wengi kwa vile nayo huitwa fosfeti ya sodiamu.

Lebo nayo si mwisho wa maneno, kwa kuwa chumvi hubadilika chupani. Na₂HPO₄ kavu hufyonza unyevu. Kwenye miji ya pwani kama Tanga, Mombasa au Unguja, chupa inayofunguliwa mara kwa mara huanza kushikana mabonge. Ikifyonza hadi kufikia ile ya H₂O mbili, utapata 7.05 ukidhani umepima sawa. Ile ya H₂O kumi na mbili hufanya kinyume: kwenye hewa kavu hupoteza maji, fuwele zake angavu hugeuka unga mweupe, na gramu 2.52 zake sasa zina besi zaidi ya ulivyokusudia. Dawa ni kukausha Na₂HPO₄ kavu kwenye oveni ya 110 hadi 120 °C kwa saa 2, kuiacha ipoe ndani ya chombo cha kukaushia chenye jeli ya silika, kisha kupima. Usiongeze moto kwa haraka zako. Kwenye joto kali fosfeti huungana mbilimbili kuwa pairofosfeti, ambayo ni kitu kingine. Chumvi yenye maji ya fuwele usiioke hata kidogo kama unataka jedwali hapo juu liendelee kuwa kweli kwake.

Kutengeneza

1. Suuza vyombo vyote kwa maji yaliyokenekwa mara tatu. Mabaki ya sabuni ni besi, nayo huingia kwenye bafa yako.

2. Pima gramu 0.70 za KH₂PO₄. Mizani ikikosea kwa gramu 0.01, pH hubadilika kwa chini ya 0.01, kwa hiyo mizani ya desimali mbili inatosha. Mizani inayosoma gramu nzima tu haifai kwa lita moja. Yenye desimali moja pia ni ya mashaka; ukiwa na hiyo, tengeneza lita 10 kwa gramu 7.0 na 10.0.

3. Yeyusha KH₂PO₄ kwenye mililita 200 za maji ndani ya bika. Huyeyuka upesi.

4. Pima Na₂HPO₄ na uinyunyize kidogokidogo kwenye bika hiyohiyo huku unakoroga. Ukiimimina yote kwa mpigo, ile kavu hufanya bonge gumu linaloganda chini na kuchukua muda mrefu kuyeyuka. Likitokea, pasha maji hadi 40 °C hivi na uendelee kukoroga. Usipime pH wala usijaze ujazo mpaka yapoe.

5. Hamishia kwenye flaski, suuza bika mara tatu kwa maji kidogo na uyamimine humo humo. Jaza hadi karibu mililita 950, uache nafasi ya kurekebisha.

6. Pima pH, rekebisha, kisha jaza hadi lita 1 na upime tena.

Kupima pH bila kujidanganya

Sawazisha mita kwa vimiminika viwili vinavyoizunguka 7.2: kimoja cha 7.00 (au 6.86), kingine cha 10.01 (au 9.18). Wengi hutumia 7.00 na 4.01 kwa mazoea. Si vibaya sana kwa kuwa 7.2 iko jirani na 7.00, lakini kuzunguka kipimo unachokitaka ndiyo kanuni. Mteremko wa elektrodi uwe kati ya 95% na 102%. Kwenye 25 °C mteremko kamili ni milivolti 59.2 kwa kila pH moja. Ukiwa chini ya 95%, elektrodi ni chafu au imechoka. Usirudishe kimiminika kilichotumika ndani ya chupa yake, kwani kimoja kilichochafuliwa hupotosha vipimo vya miezi.

Elektrodi ihifadhiwe kwenye KCl (kloridi ya potasiamu) ya moli 3 kwa lita. Ikikaa kwenye maji yaliyokenekwa, ioni zake huvuja, kisha husoma polepole na kuyumbayumba. Baada ya kuisuuza, ikaushe kwa kuigusisha karatasi laini bila kuisugua; kusugua huacha chaji kwenye kioo chake.

Usipoteze muda kupima pH ya maji yaliyokenekwa yenyewe. Yana ioni chache mno, mita haitulii, na ikitulia itasoma karibu 5.6 kwa sababu ya kaboni dayoksaidi ya hewani. Haijalishi. Kaboni dayoksaidi hiyo ni kama milimoli 0.014 kwa lita, na bafa yako ina milimoli 12.

Pasipo mita, tumia karatasi ya pH ya masafa mafupi, kwa mfano ya 6.4 hadi 8.0. Ile ya 1 hadi 14 haiwezi kutofautisha 6.8 na 7.2, kwa hiyo haikusaidii lolote hapa.

Kurekebisha

Tumia miyeyusho ya 2% ya chumvi zilezile. Mililita 1 ya Na₂HPO₄ ya 2% ina milimoli 0.141, ambayo huongeza besi kwa 2% na kupandisha pH ya lita moja kwa takriban 0.01. Mililita 1 ya KH₂PO₄ ya 2% huishusha kwa 0.012 hivi. Kutoka 7.13 hadi 7.20 basi tarajia mililita 8 au 9 za Na₂HPO₄. Weka 5, koroga, subiri mita itulie, kisha malizia kidogokidogo.

Ukijikuta unahitaji mililita 30 au zaidi, acha. Hiyo si kasoro ya kurekebisha, umepima chumvi isiyo yenyewe au umegeuza gramu (gramu 1.0 za KH₂PO₄ na 0.7 za Na₂HPO₄ hutoa 6.84). Rudi kwenye lebo, mwaga, anza upya. Chumvi ni bei nafuu kuliko slaidi ya mgonjwa iliyosomwa vibaya.

Hidroksidi ya sodiamu au asidi hidrokloriki zinaweza kurekebisha pia, na bafa itakubali. Ila NaOH iliyokaa kwenye rafu hufyonza kaboni dayoksaidi na ukolezi wake hubadilika, na zote mbili ni hatari kwa macho na ngozi bila faida ya ziada.

Kupima kama bafa ina nguvu, chukua lita moja yake na uongeze mililita 1 ya HCl ya moli 0.1 kwa lita. pH itashuka kwa 0.015 hivi, mita huenda hata isitikisike. Fanya vivyo hivyo kwa lita ya maji matupu, pH huporomoka hadi 4. Lita iliyopimiwa hivi usiitumie kwa Giemsa.

Mtego wa stoku ya mara kumi

Maabara yenye kazi nyingi hutengeneza stoku nzito, gramu 7.0 na 10.0 kwa lita, ili kuzimua mililita 100 hadi lita 1 kila inapohitajika. Ni njia nzuri, yenye mtego mmoja: nguvu ya ioni ya stoku ni mara kumi, kwa hiyo pKa yake inayofanya kazi ni karibu 6.76. Stoku sahihi itasoma 6.9 kwenye mita, na ikishazimuliwa itapanda yenyewe hadi 7.13.

Asiyejua hili huona 6.9, hushtuka, huongeza Na₂HPO₄ mpaka stoku isome 7.2, kisha huzimua na kupata bafa ya 7.4. Slaidi zote za wiki hiyo hutoka buluu. Stoku usiirekebishe. Zimua kwanza, pima kilichozimuliwa, kisha rekebisha hicho.

Kwa sababu hiyohiyo, jedwali la kuchanganya miyeyusho ya M/15, yaani moli 1/15 kwa lita (28 za KH₂PO₄ kwa 72 za Na₂HPO₄ ili kupata 7.2) ni la kweli kwa ukolezi huo tu. Katika bafa nyembamba yetu uwiano ni 38 kwa 62. Ukizimua mchanganyiko wa M/15 kwa maji, pH yake itapanda.

Maji ya bomba na ya kisima

Yana bikaboneti na, sehemu nyingi, kalisi. Bikaboneti hunyakua H⁺ kutoka kwa H₂PO₄⁻, kisha huondoka kwenda hewani kama kaboni dayoksaidi, polepole. Maji yenye milimoli 2 za bikaboneti kwa lita, takriban miligramu 120, yanaweza kuipeleka bafa iliyopimwa 7.2 hadi juu ya 7.4 kadiri gesi inavyotoka. Ndiyo maana bafa ya maji ya kisima husoma vizuri leo na vibaya kesho. Maji ya Bonde la Ufa mara nyingi yana bikaboneti nyingi kuliko hizo; ya visima vya miamba ya matumbawe pwani yana kalisi, ambayo hushikana na fosfeti na kuacha ukungu mweupe. Maji yaliyokenekwa yakikosekana kabisa, maji ya mvua yaliyochujwa ni bora kuliko ya kisima, ilmradi hayakukaa kwenye tangi jipya la saruji, maana saruji huachia chokaa.

Angalia pia maji ya kusuuzia. Slaidi iliyopakwa rangi kwenye 7.2 kisha ikaoshwa kwa maji ya bomba ya pH 8 hubadilika rangi palepale. Suuza kwa bafa ileile.

Kutumia na kutunza

Kwa Giemsa ya 3%, changanya mililita 3 za rangi na 97 za bafa, slaidi zikae dakika 45 hadi 60. Kwa 10%, mililita 1 kwa 9, dakika 10 hivi. Tengeneza kiasi cha kazi iliyopo, kwa sababu azuri na eosini zikikutana ndani ya maji huanza kushikana na kutuama kama chembechembe nyeusi. Usichovye pipeti yenye maji kwenye chupa kuu ya Giemsa.

Bafa ihifadhiwe kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, mbali na jua. Fosfeti ni chakula cha bakteria na mwani. Ikionyesha ukungu, utelezi au uzi unaoelea, mwaga na uoshe chupa kabla ya kujaza mpya. Kuongezea bafa mpya juu ya ya zamani huhamisha uchafu. Pima pH kila siku unayopaka rangi.

Ukisoma slaidi

Anza na viini vya chembe nyeupe za damu kwenye tone nene la damu, kwa kuwa hivyo hupatikana hata kwa mgonjwa asiye na vimelea. Vikiwa zambarau iliyokolea na mandhari safi, endelea. Vikiwa hafifu huku kila kitu ni cha waridi, pH imeshuka: shuku maji ya fuwele kwanza, kisha chupa ya 6.8. Kila kitu kikiwa buluu ya kijivu, pH imepanda: shuku stoku iliyorekebishwa kabla ya kuzimuliwa, au maji ya kisima. Chembe nyeusi zilizotapakaa juu ya slaidi huku rangi nyingine ziko sawa hazihusiani na pH. Hizo ni mashapo ya Giemsa, chuja rangi au tengeneza mchanganyiko mpya. Na kama rangi zote ni hafifu ilhali mita inasoma 7.2 kwenye bafa mpya, hapo sasa ndipo ubadilishe chupa ya Giemsa.